Chupa ya Mgeni na Dhamiri ya Mwenye Duka

Yapo mambo katika nchi ambayo kila mtu anayajua na hakuna anayependa kuyazungumza. Miongoni mwa mambo hayo, katika Visiwa vyetu, ni hili la mwenye duka Mwislamu na kileo. Kila apitaye katika vijiji vya pwani ya kaskazini na mashariki ya Unguja, tangu Nungwi na Kiwengwa mpaka Paje na Jambiani, amelishuhudia. Mwenye duka anauza mchele, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni na vocha za simu. Mgeni anaingia, anachukua maji ya chupa na biskuti, kisha anauliza kama bia ipo. Jawabu atakalopewa mgeni huyo ni jambo dogo kwake, kwani akikosa hapa atapata pale. Kwa mwenye duka si dogo hata kidogo. Ndani yake mna dini yake, riziki ya watoto wake, na jina lake mbele ya majirani.

Tumeona yafaa tuliandike jambo hili kwa uwazi, kwa sababu kunyamaza hakujamsaidia mtu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Visiwa vilipata funzo ambalo halifai kusahauliwa. Waagizaji waliozoea kuingiza vileo hawakuendelea na leseni zao, wakapewa kazi hiyo waagizaji wengine, na katika pengo la mabadiliko hayo bidhaa ikaadimika. Bei zikapanda, wenye mahoteli wakalalamika, na magazeti ya nchi za nje yakaandika kwamba Zanzibar imekaukiwa. Mwishoni mwa Januari ya mwaka huo Waziri aliyekuwa na dhamana ya Utalii alijiuzulu, akitaja mazingira ya kazi yasiyoridhisha, na watu wengi waliyaunganisha mambo hayo mawili. Katika mjadala wote huo walisikika waagizaji, wenye mahoteli na wakubwa wa Serikali. Sauti ya mwenye duka wa kijijini, ya kijana anayepakua makreti bandarini, na ya dada anayetandika meza hotelini, haikusikika sana. Na hao ndio jambo hili linawagusa mchana na usiku.

Tuanze kwa kuondoa udanganyifu mmoja. Kileo hakikuletwa na watalii. Mgema ni mtu wa kale katika mwambao huu, na lugha yetu yenyewe inamshuhudia kwa methali ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tembo tamu lilinywewa na watu wazima na watoto, tembo likichacha lililewesha, na likiachwa zaidi likawa siki ya kutiliwa achari. Wazee wetu waliijua vyema mipaka hiyo mitatu, na kila mmoja alijua amesimama upande upi.

Vileo vya chupa navyo vina historia yake. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliwekwa na mataifa ya Ulaya, pamoja na mambo mengine, kwa ajili ya kuzuia biashara ya vileo vikali katika sehemu kubwa ya Afrika. Hata hivyo, kileo hakikukatazwa Mzungu mwenyewe. Katika Mji Mkongwe, wenye maduka ya Kigoa na ya Kiparsi ndio waliojulikana kwa kuwauzia Wazungu mvinyo na vinywaji vyao. Mwislamu aliuza nguo, karafuu, nazi na samaki. Kwa namna hiyo biashara ya kileo ilikuwepo mjini, lakini ilikuwa mikononi mwa watu ambao dini zao haziikatazi, na mwenye duka Mwislamu hakulazimika kujiuliza lolote.

Mpango huo wa kale ulivunjika kidogo kidogo. Bei ya karafuu ilipoporomoka katika soko la dunia katika miaka ya 1980, Serikali ilitafuta njia nyingine ya kuipatia nchi fedha za kigeni. Sheria ya kulinda vitega uchumi ya mwaka 1986 ilifungua mlango, na tangu hapo utalii ukawa nguzo ya uchumi. Wageni waliofika Zanzibar mwaka 2023 walizidi 600,000, na mwaka 2024 walizidi 700,000. Visiwa vyenyewe, kwa sensa ya mwaka 2022, vina watu 1,889,773, na takriban wote ni Waislamu. Msomaji aziweke hesabu hizi pamoja, ataiona shida yenyewe. Wengi wa wageni hao hutoka katika nchi ambazo glasi ya mvinyo mezani ni kitu cha kawaida kama kikombe cha chai kwetu, na duka lililo jirani na hoteli yao ni la Mwislamu.

Kwa upande wa dini, hukumu haina utata. Uharamisho wa ulevi ulikuja kwa hatua. Kwanza, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 219, watu walielezwa kwamba madhara yake yanazidi manufaa yake. Kisha, katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 43, waumini wakazuiwa kuikaribia sala wakiwa wamelewa. Mwishowe, katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na ya 91, jambo likakatwa kabisa. Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Tirmidhi na Ibn Maja haikuishia kwa mnywaji. Imewahesabu watu kumi, na miongoni mwao wamo mwenye kukiuza kileo, mwenye kukinunua, mwenye kukibeba, mwenye kukimimina, na mwenye kula thamani yake. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, na ya Ibadhi, ambayo nayo yana historia ndefu katika Visiwa hivi, hayana khitilafu kwamba Mwislamu hana ruhusa ya kukifanya kileo bidhaa yake.

Wala wanavyuoni hawakuwa watu wasiojua taabu za kutafuta riziki. Zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, katika mji wa Kufa nchini Iraq, ambako Waislamu waliishi pamoja na watu wa dini nyingine, liliulizwa swali ambalo dereva wa gari la mizigo wa Unguja angeweza kuliuliza leo. Je, Mwislamu aliyekodiwa na asiyekuwa Mwislamu ambebee kileo chake, ujira wake ni halali? Imam Abu Hanifa aliona ujira huo ni wake. Wanafunzi wake wakubwa wawili, Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan, waliuchukia. Tunalitaja hili si kwa kutafuta mlango wa kuponyokea, kwani sisi si watoa fatwa, na wengi wetu si wafuasi wa madhehebu hayo. Tunalitaja ili ionekane kwamba mabingwa wa sheria walikubali kulitazama swali la mtu wa chini usoni. Hawakumcheka wala hawakumfukuza. Sisi leo tunamfanyia nini?

Tumtazame basi mwenye duka wetu na njia zilizo mbele yake.

Yupo anayekataa moja kwa moja. Anamwambia mgeni kwamba kileo hakuna, na mgeni anakwenda kwingine, na mara nyingi biskuti na maji pia atavinunua huko huko. Huyu analala na moyo mweupe, lakini kila msimu anaona duka la jirani likipanuka. Yupo wa pili, ambaye hauzi chochote kwa mkono wake, bali amempangisha mtu asiyekuwa Mwislamu chumba cha mbele cha nyumba yake. Anapokea kodi kila mwezi na anasema hajui kinachouzwa humo, ingawa makreti yanapita mbele ya kibaraza chake. Yupo wa tatu, ambaye biashara ni yake na mtaji ni wake, lakini leseni ina jina la mtu mwingine na muuzaji ni kijana aliyetoka Bara. Na yupo wa nne, anayeuza mwenyewe kwa siri, kisha akaitenga pesa katika mkebe mbali. Pesa ya mchele ndiyo ya chakula na ada ya chuoni, na pesa ya ule mkebe ndiyo ya umeme na ukarabati wa paa.

Ni rahisi kumcheka huyu wa nne na mkebe wake. Lakini mkebe huo ni ushahidi kwamba dhamiri yake haijafa. Mtu asiyejali hatengi pesa. Yule wa tatu ndiye anayepaswa kutushughulisha zaidi, maana hila yake inadhuru dini na dola kwa pamoja. Mbele ya dini, mwenye mali ndiye muuzaji hata akijificha nyuma ya jina la mtu. Mbele ya sheria, leseni yenye jina la kivuli haimwoneshi mwenye dhamana, na likitokea la kutokea, kama vile kileo kuuzwa kwa mtoto wa skuli au duka la pombe kufunguliwa jirani na msikiti, atakayekamatwa ni kijana mwajiriwa, na tajiri atakuwa safu ya mbele akiswali.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha hoja yetu. Kileo kikifika mezani kwa mgeni, kimepita katika mikono mingi. Kimetozwa ushuru na kodi, na fedha hizo zimeingia katika hazina ya umma. Kimepewa kibali na Bodi ya Serikali. Kimeingizwa na mwagizaji mwenye mtaji mkubwa. Kimepandishwa bei na hoteli, ambayo nyingi ya hisa zake huenda ziko nje ya nchi. Katika mlolongo wote huo faida imekaa juu, na lawama imeshuka chini. Khatibu akisimama juu ya mimbari, anayenyoshewa kidole ni mwenye kiduka na mhudumu wa meza. Hatujamsikia mara nyingi khatibu akiuliza juu ya ushuru, wala juu ya kodi ya nyumba inayolipwa na baa kwa mwenye nyumba mkubwa anayetoa sadaka ya tende kila Ramadhani. Tumeigawa faida kwa watu wenye nguvu na dhambi kwa wanyonge, na mgawo huo si wa haki, si katika dini wala katika siasa.

Zipo rai mbili zinazosikika kila jambo hili linapotajwa. Rai ya kwanza inasema kileo kipigwe marufuku Visiwa vyote, na Mungu ataleta riziki kwa njia nyingine. Tunaiheshimu imani ya wasemao hivyo. Lakini marufuku isiyokuwa na maandalizi huzaa magendo, na kwenye magendo anayeumia kwanza ni huyo huyo mnyonge. Tena katika Visiwa hivi wanaishi pia raia wasiokuwa Waislamu, ambao haki zao nao ni dhamana yetu. Rai ya pili inasema biashara ni biashara, na kwamba mtu aache dini yake nyumbani anapofungua duka. Hii nayo ni rai ya mtu asiyewajua watu wa hapa. Mzanzibari haiachi dini yake mlangoni kama viatu. Akilazimishwa kufanya hivyo atakwenda zake, na nafasi yake itachukuliwa na mwingine, na utalii utakuwa mali ya wageni katika nchi ya wenyewe.

Hilo la mwisho si tishio la kubuni. Tazama Maldives, visiwa vya Waislamu kama sisi, vilivyoanza utalii mwaka 1972. Wao walichagua kukitenga kileo. Kinaruhusiwa katika visiwa vya mahoteli, na kinakatazwa katika visiwa vinavyokaliwa na wananchi. Katika baa za mahoteli hayo wanaohudumu ni wafanyakazi wa kigeni wasiokuwa Waislamu. Kwa hakika utaratibu huo umewakinga wanavijiji na mengi. Lakini una gharama zake, kwani kazi nyingi zimekwenda kwa watu wa nje. Na vijiji viliporuhusiwa kufungua nyumba za wageni, baada ya mwaka 2009, zikazuka mashua za kuelea karibu na baadhi ya visiwa hivyo, ambako mgeni hupelekwa kunywa na kurudishwa. Sisi hatuwezi kuwaiga moja kwa moja, maana hoteli zetu zimejengwa ndani ya vijiji, ukuta kwa ukuta na skuli na visima. Lakini tunaweza kujifunza kwao kwamba sheria iliyo wazi, hata kama haimridhishi kila mtu, ni bora kuliko kunyamaza.

Je, mwenye duka asiyeuza kileo amehukumiwa kufilisika? Tunakataa. Mtu aende Forodhani baada ya magharibi. Atawakuta wageni wa kila taifa wamesimama mbele ya kinu cha miwa wakisubiri maji yake yaliyotiwa ndimu na tangawizi, na wengine wameshika bakuli za urojo na mishikaki. Hakuna chupa ya kileo juu ya meza hizo, na nafasi ya kupita haipatikani. Mjini ipo pia mikahawa mashuhuri ya vyakula vya kienyeji isiyouza kileo abadani, na wageni huijaza kila mchana. Mgeni hakusafiri saa nyingi angani kuja kunywa bia ile ile aliyoiacha kwao. Kinachomwua mwenye duka wa kijijini zaidi ya kukosa bia ni ule utaratibu wa hoteli kumlipisha mgeni kila kitu kabla hajaondoka kwao, chakula, kinywaji na matembezi, hata hana haja ya kutoka nje ya lango. Mwenye duka huyo, angaliuza kileo au asingaliuza, mgeni wake yuko ndani ya ukuta.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo, na tunawaomba wahusika wayapime.

La kwanza ni juu ya leseni. Kila leseni ya kileo iwe na jina la mwenye biashara halisi, na orodha yake ibandikwe katika ofisi ya sheha ili wananchi waione. Maombi mapya yasipitishwe bila ya wakaazi wa shehia kuulizwa. Na maamuzi ya kuongeza au kutoongeza leseni yatolewe mapema kabla ya mwaka kwisha, ili yaliyotokea Januari 2024 yasirudi tena.

La pili ni juu ya wafanyakazi. Kijana wa Kiislamu anayeomba kazi hotelini aweze kusema kwamba hatabeba wala kumimina kileo, na kauli hiyo isiwe sababu ya kunyimwa kazi au kupunguziwa mshahara. Hoteli ina jiko, bustani, mapokezi, ufundi na ulinzi. Mpangaji wa kazi mwenye nia njema hatashindwa. Jambo hili likiandikwa katika masharti ya kazi, wazee wengi wanaowazuia watoto wao, na khasa mabinti, kufanya kazi za utalii watapata utulivu wa moyo.

La tatu ni juu ya soko. Kila hoteli inayopewa nafuu ya kodi kwa ajili ya kuwekeza ioneshe kila mwaka imenunua kiasi gani cha samaki, matunda, mboga, viungo na mayai kutoka kwa watu wa Visiwa. Wenye maduka nao waungane katika vyama vya ushirika, kwa sababu hoteli haitaki kununua kwa mtu mmoja kapu moja la maembe. Mwenye duka akipata mkataba wa kupeleka ndizi na tangawizi hotelini, ile bia anayoulizwa dukani haitakuwa tena mtihani wa riziki yake.

La nne ni juu ya hesabu. Wananchi waelezwe waziwazi kila mwaka ni fedha kiasi gani zimeingia hazina kutokana na vileo, na sehemu yake itengwe kwa ajili ya nyumba za upataji nafuu na elimu kwa vijana walioathirika. Wapo watakaosema kwamba kuitaja fedha hiyo ni aibu. Tunauliza, iwapo kuitaja ni aibu, kuitumia bila ya kuitaja ni nini?

La mwisho tunalielekeza kwa mashekhe wetu na kwetu sisi sote. Mwenye duka anapokuja kuuliza, asipokelewe kwa ukali. Wanavyuoni wamefundisha kwamba dharura hukadiriwa kwa kiasi chake, na pia kwamba anayetaka kujitoa katika chumo la haramu asaidiwe kutoka. Misikiti yetu ina waumini wenye mali. Je, imepata kukusanywa fedha ya kumkopesha mtu bila ya riba ili aiache biashara ya kileo na kuanza nyingine? Kumkemea mtu hakugharimu kitu. Kumsaidia kunahitaji mfuko kufunguliwa, na hapo ndipo ukweli wa maneno yetu utakapojulikana.

Zanzibar imeamua kuishi kwa kupokea wageni, na uamuzi huo ulifanywa na nchi nzima kupitia Serikali yake. Haiwezekani basi mzigo wake wa dhamiri ubebwe na mtu mmoja aliyesimama nyuma ya kaunta ya mbao, mbele ya mgeni anayemwuliza bia, huku adhana ikisikika. Serikali, mahoteli, matajiri na mashekhe wana sehemu yao ya mzigo huo, na wakati umefika wa kila mmoja kuinama na kuichukua.